Homa Iliyohama kutoka Gotini hadi Moyoni: Uchambuzi wa Kisa cha Binti wa Miaka 10

Binti anayezungumziwa hapa alikuwa na umri wa miaka 10 na uzito wa kilo 25 siku alipofikishwa kwenye wodi yetu ya watoto, katika hospitali ya rufaa ya mmojawapo wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Alibebwa mgongoni na mama yake kama mtoto mchanga, kwa sababu hakuweza tena kupiga hatua 20 bila kuketi chini. Jina lake, kijiji chake na mengine yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha au nimeyabadilisha. Kisa chenyewe, ambacho ni cha homa ya baridi yabisi, nimekiandika kwa urefu kwa sababu karibu kila kilichohitajika kumwepusha na upasuaji wa moyo kilikuwapo katika wilaya yake: penisilini ilikuwapo, wahudumu walikuwapo, na baada ya muda hata utambuzi sahihi wa ugonjwa ulikuwapo. Kilichopotea kilipotea njiani, kati ya mkono mmoja na mwingine.

Maumivu yaliyokuwa yakihama

Kwa maelezo ya mama, wiki tano hivi kabla ya kuletwa kwetu binti alipata homa na maumivu makali ya koo, akawa anakataa ugali na kumeza uji kwa shida. Nyumbani walisema ni mafindofindo. Alisukutua kwa maji ya chumvi, bibi yake akapendekeza apelekwe akakatwe kimeo, mama akakataa (na katika hilo alikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa kukata kimeo hakuondoi bakteria wa kooni, na kumewahi kusababisha watoto kuvuja damu hadi kupoteza maisha), na baada ya siku nne au tano koo likapona lenyewe. Hakupewa antibiotiki yoyote. Koo lilipopona, kila mtu alilisahau.

Wiki tatu baadaye goti la kushoto lilivimba na kuwa la moto, likamuuma kiasi kwamba hata shuka ilipoligusa alipiga kelele. Duka la dawa lilimpa vidonge vya diklofenaki. Siku ya pili goti lilitulia, lakini kifundo cha mguu wa kulia kikaanza. Alipelekwa kituo cha afya, kipimo cha haraka cha malaria kikasoma chanya, akapewa dawa mseto pamoja na sindano ya diklofenaki, akarudi nyumbani bila maumivu. Siku nne baadaye kikafuata kiwiko, na safari hiyo, mahali pengine, mama akaambiwa kwamba mtoto ana taifodi. "Daktari," alituambia, "ugonjwa huu unatembea. Nikimpeleka na mguu wakautibu mguu, unahamia mkono."

Maneno hayo ya mama ndiyo yaliyokuwa utambuzi, na yangeweza kusemwa wiki mbili kabla kama kuna mtu angemuuliza jana palikuwa panauma wapi. Kila mhudumu alikiona kiungo kilichokuwa mbele yake siku hiyo, akakishughulikia, na kwa hesabu yake alifanya kazi yake. Uvimbe unaoacha kiungo kimoja kikubwa na kukamata kingine ndani ya siku chache, kwa mtoto mwenye umri kati ya miaka 5 na 15, katika nchi ambako ugonjwa huu bado upo, unatosha kumfanya mhudumu aiweke kando diklofenaki na kuchukua stetoskopu.

Ninaisema diklofenaki kwa makusudi. Viungo vilivyovimba kwa sababu ya homa hii huitikia upesi sana dawa za jamii ya aspirini na diklofenaki, upesi kiasi kwamba dawa ikitolewa mapema, uvimbe unaweza kuzimika kabla haujapata nafasi ya kuhama, na ile alama moja ambayo ingetuongoza ikafutika. Ndiyo maana mtoto anayeshukiwa kuwa na homa hii hupewa parasetamoli kwanza, hadi utambuzi ukamilike. Kwa binti huyu dawa ilizima kiungo baada ya kiungo huku kuta na vali za moyo (milango inayoizuia damu kurudi nyuma) zikiendelea kuungua, kwa kuwa moyo hautulizwi kwa dawa hiyo kama goti linavyotulizwa.

Jina la ugonjwa nalo lina lawama zake. Kiswahili kinauita homa ya baridi yabisi, na kwa watu wengi baridi yabisi ni maumivu ya magoti ya wazee. Mzazi akilisikia jina hilo hufikiria sakafu ya saruji na maji ya kuoga ya asubuhi, wala mawazo yake hayaendi kooni au moyoni. Siku hizi, nikilitaja jina hilo mbele ya mzazi, huongeza papo hapo kwamba ni homa inayoanzia kooni na inayoweza kuishia moyoni.

Tulichokikuta

Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.6. Mapigo ya moyo yalikuwa 136 kwa dakika akiwa macho, na usiku, muuguzi wa zamu alipoyahesabu binti akiwa amelala fofofo, yalikuwa 120. Hesabu hiyo ya usiku ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu homa, hofu na kilio huweza kueleza mapigo ya haraka ya mchana, lakini moyo unaokimbia katika usingizi mzito una sababu yake wenyewe. Alipumua mara 38 kwa dakika, ini lilipapasika sentimita 3 chini ya mbavu, na kwenye ncha ya moyo palisikika mvumo uliojaza muda wote wa kusinyaa kwa moyo na kuenea hadi kwapani, ambayo ni sauti ya damu inayorudi nyuma kupitia vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, isiyofunga vizuri. Viungo wakati huo vilikuwa shwari, isipokuwa kiwiko cha kulia ambacho bado kilikuwa na uvimbe. Hakuwa na vinundu chini ya ngozi, wala mikono haikuwa ikicheza bila hiari kama inavyotokea kwa watoto wenye korea ya Sydenham, hali ambayo wakati mwingine familia huihesabu kuwa ni mapepo.

Kasi ya kutuama kwa chembe nyekundu za damu, ambayo maabara huiita ESR, ilikuwa milimita 92 kwa saa. Kiwango cha kingamwili dhidi ya streptokoka, bakteria wa kooni wanaoanzisha homa hii, kilikuwa juu sana, jambo lililothibitisha kwamba lile koo la wiki tano zilizopita halikuwa mafua tu. Kipimo cha selimundu kilitoka hasi. Katika nchi yetu hakuna haki ya kuzungumzia maumivu ya viungo vya mtoto bila kuuliza swali hilo kwanza. Damu iliyooteshwa maabara haikuonyesha bakteria, na kwa hiyo uwezekano wa maambukizi ndani ya moyo wenyewe ulipungua. Malaria kwa darubini haikuonekana. Kuhusu kipimo cha haraka kilichosoma chanya kule kituoni, inafaa kukumbuka kwamba vipimo vingi vya aina hiyo husoma protini ya kimelea ambayo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kuisha, na kwamba katika maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea vya kweli bila vimelea hivyo kuwa sababu ya goti lake kuvimba. Kipimo chanya hujibu swali la malaria peke yake.

Eko ya moyo, yaani picha inayochukuliwa kwa mawimbi ya sauti, ilionyesha vali ya mitrali ikivuja kwa kiasi cha kati, ncha za pazia lake la mbele zikiwa zimenenepa na nyuzi zinazolishikilia zimelegea, vali ya aota ikivuja kidogo, na maji machache kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Nguvu ya kusukuma damu ilikuwa nzuri bado.

Vigezo vya Jones vya kuitambua homa hii, vilivyotungwa mwaka 1944 na kurekebishwa mara kadhaa hadi mwaka 2015, hudai dalili kuu mbili, au kuu moja na ndogo mbili, pamoja na ushahidi wa streptokoka. Binti alikuwa na mbili kuu, uvimbe wa viungo na kuungua kwa moyo, na juu yake homa na ESR. Marekebisho ya mwaka 2015 yana manufaa makubwa kwetu kwa sababu yanawatenganisha watoto wa maeneo ambako ugonjwa ni wa kawaida na wale wa maeneo ambako ni nadra: kwetu hata kiungo kimoja kilichovimba, au maumivu ya viungo vingi bila uvimbe baada ya sababu nyingine kuondolewa, huweza kuhesabiwa kuwa dalili kuu, na vali inayovuja kwenye eko pasipo mvumo wowote kusikika nayo huhesabiwa. Kwa hiyo hata kule kituo cha afya, siku ya kifundo cha mguu, shaka ingeweza kuandikwa kwenye karatasi.

Jinsi koo linavyofika moyoni ni jambo linaloelezeka kwa wazazi, na huwa ninalieleza. Streptokoka wa kundi A ana protini kwenye ganda lake zinazofanana na sehemu za tishu za moyo, viungo na ubongo. Kinga ya mwili inapojifunza kumshambulia, kwa watoto wachache (makadirio ya kawaida ni kati ya asilimia 0.3 na 3 ya wanaoambukizwa koo bila kutibiwa) inaendelea kushambulia kilichofanana naye baada ya yeye mwenyewe kuondoka. Penisilini ikitolewa ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, mlolongo huo kwa kawaida hauanzi, na hadi leo streptokoka huyo hajapata usugu dhidi ya penisilini.

Matibabu yalikuwa ya kawaida: sindano moja ya benzathini penisilini uniti 600,000 kulingana na uzito wake, furosemidi na kaptopri kwa ajili ya moyo ulioelemewa, kupumzika kitandani, na prednisoloni kwa wiki mbili kisha ikapunguzwa taratibu aspirini ikichukua nafasi yake. Kuhusu prednisoloni nilisita. Tafiti zilizolinganisha dawa hizo hazijaonyesha kwamba inazuia uharibifu wa vali mwaka mmoja baadaye, na ninaitumia tu pale moyo unaposhindwa kazi, kwa lengo la kumvusha mtoto kwenye wiki hizo mbaya. Baada ya siku 26 alitembea mwenyewe hadi kwenye lango la hospitali.

Barua

Alipotoka tulimpa barua ya kupeleka kituo cha afya cha karibu na kwao, iliyoagiza benzathini penisilini uniti 600,000 kila baada ya wiki 4 ili homa hii isirudi. Barua hiyo ina sahihi yangu. Haikutaja uzito wake, haikueleza ni lini dozi iongezwe, wala haikusema binti akikosa siku moja nani ajulishwe, na nakala yake nyingine haikuwapo popote. Wakati ule niliiona kuwa barua ya kutosha.

Kwa miezi minane mambo yalikwenda vizuri. Alipata sindano 9 kati ya 9, kwa muuguzi mmoja ambaye alimfahamu kwa jina. Muuguzi huyo aliipasha dawa kwa kuishika mkononi, akaisukuma polepole kwa dakika mbili au tatu, na alikuwa akiichanganya na lidokaini, dawa ya ganzi, ili kupunguza maumivu. Watoto wengi hukimbia sindano hii kwa sababu ya uchungu wake, na ninaamini mikono ya muuguzi yule ilifanya kazi kubwa kuliko dawa zote tulizompa wodini.

Kisha binti akahamia kwa shangazi yake katika wilaya nyingine ili awe karibu na shule. Barua ilibaki kwenye kabati la mama. Zahanati ya kule ilimtaka aje na maelekezo ya maandishi. Alipokwisha kuyapata, muuguzi aliogopa kumchoma kwa sababu alikuwa amesikia habari za mtoto aliyeanguka na kufa baada ya sindano kama hiyo, na alipokubali dawa ikawa imekwisha. Katika miezi 11 iliyofuata alipata sindano 4 kati ya 12. Jumla ni 13 kati ya 21, wakati lengo linalokubalika ni angalau asilimia 80. Na hizo 4 zenyewe zilikuwa za uniti 600,000 ilhali mwishoni alikuwa na kilo 32. Miongozo hutofautiana kidogo kuhusu mpaka, mingine ikiuweka kwenye kilo 27 na mingine kwenye 30, ila kwa vyovyote vile alistahili uniti milioni 1.2. Muuguzi alifuata barua, na barua ilikuwa imeganda kwenye uzito wa mwaka mmoja na nusu nyuma.

Sipendi kuuita upungufu huu utoro wa mgonjwa. Neno hilo hutumika sana katika rejista zetu, na humtwika mtoto wa miaka 11 mzigo wa kupatanisha wilaya mbili.

Hofu ya muuguzi wa zahanati nayo inastahili kujibiwa kwa heshima, maana haikutokana na uvivu. Mzio mkali wa penisilini upo lakini ni nadra. Katika miaka ya karibuni imezidi kueleweka kwamba baadhi ya vifo vilivyotokea dakika chache baada ya sindano kwa wagonjwa wenye vali zilizoharibika sana huenda havikutokana na mzio: maumivu na hofu hushusha ghafla mapigo na shinikizo la damu, na moyo uliokwisha kuelemewa hushindwa kujirudi. Kwa hiyo mtoto achomwe akiwa amelala, awe amekula na kunywa maji, maumivu yapunguzwe, na wale ambao moyo wao umeshindwa kazi wapewe penisilini ya kumeza badala ya sindano. Mtoto mwenye vali inayovuja kwa kiasi cha kati na asiye na dalili, kama alivyokuwa yeye wakati ule, hakuwa katika kundi hilo la hatari.

Mara ya pili

Alirudi kwetu akikaribia kutimiza miaka 12, baada ya kutibiwa nimonia mara mbili. Safari hii hakuna kiungo kilichovimba. Alikuwa akiamka usiku na kukaa wima ili apate pumzi, na alikuwa amekonda. Ndivyo homa hii inavyofanya inaporudi: aliyeshambuliwa moyo mara ya kwanza hushambuliwa moyo tena, na kila shambulio huongeza kovu juu ya kovu. Eko ilionyesha vali ya mitrali ikivuja vibaya sana na chumba cha juu cha kushoto kikiwa kimetanuka.

Kwa kuwa sasa alikuwa miongoni mwa wale ambao sindano ingeweza kuwadhuru, tulimwanzishia penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku, huku shangazi akifundishwa kuitia alama kwenye kalenda. Penisilini ya kumeza hulinda vizuri ikimezwa, na ugumu wake wote umo katika neno hilo la mwisho. Upasuaji ulisubiri hadi kuungua kwa moyo kulipotulia na ESR ikashuka, maana nyuzi za mshono hazishiki vizuri kwenye tishu inayoungua, kisha akapelekwa Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imeifanya huduma hiyo, ambayo zamani iliwalazimu wengi kusafiri India, ipatikane hapa nchini.

Swali lililotusumbua zaidi katika mazungumzo na wapasuaji lilikuwa la kurekebisha vali au kuweka ya bandia. Vali ya chuma hudumu, lakini hudai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku ya maisha na kupima damu mara kwa mara, jambo ambalo kwa anayeishi saa tatu kwa basi kutoka maabara yenye kipimo hicho ni hatari yenyewe. Tena huyu ni msichana, na warfarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni siku atakapotaka kuzaa. Ugonjwa huu huwakuta zaidi wanawake. Katika utafiti wa REMEDY, uliowafuata wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, theluthi mbili hivi walikuwa wa kike, na mimba ndiyo mara nyingi humfichua asiyejua kwamba vali yake imeharibika. Mama aliuliza swali hilo kabla yetu: "Ataweza kuzaa?" Wapasuaji walifanikiwa kuirekebisha vali yake mwenyewe. Bado inavuja kidogo, na huenda akahitaji upasuaji mwingine ukubwani.

Tulipowaita wadogo zake kupimwa, kwa kuwa watoto watano walikuwa wakilala chumba kimoja na koo la mmoja huwa la wote, dada yake wa miaka 8, asiye na mvumo wala dalili yoyote, alikutwa na mabadiliko ya mwanzo kwenye vali ya mitrali. Zamani nisingejua la kufanya. Sasa upo utafiti uliofanyika Gulu, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2022, uliowahusisha watoto na vijana 818 wenye hali kama yake. Baada ya miaka miwili hali ilikuwa imezidi kwa asilimia 0.8 ya waliopewa sindano kila wiki 4, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wasiopewa. Alianza sindano wiki ileile.

Barua yetu tumeibadilisha. Sasa ni kadi ngumu, inayokaa kwa mtoto, yenye safu ya uzito kando ya kila tarehe, kiwango cha kilo ambacho dozi hubadilika kikiwa kimeandikwa kwa wino mwekundu, maelezo ya jinsi ya kuchoma kwa usalama, na namba ya simu ya wodi. Nakala hubaki kwetu, na muuguzi mmoja ana kazi ya kupiga simu siku mtoto asipotokea. Binti alirudishwa kwenye sindano baada ya moyo wake kupata nguvu, na ataendelea nayo angalau hadi miaka 40. Alipokuja mara ya mwisho alikuwa na kilo 38. Yeye mwenyewe alipanda kwenye mizani, akaisoma, akaijaza kwenye safu yake, kisha akampandisha mdogo wake.